Mfupa wa Samaki Juu ya Bati

Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ukaulizia antena ya televisheni, utawekewa mezani boksi lenye rangi kali na maneno makubwa: "Dijitali", "HD", "4K", "Kilomita 200". Bei hupanda kwa kila neno. Lifungue sasa uone kilichomo: fito za alumini, skurubu mbili tatu, na kijisanduku cha plastiki cha kufungia waya. Humo hamna kitu hata kimoja kinachojua dijitali ni nini.

Wimbi la redio likipita kwenye ufito, elektroni zilizo ndani yake hutikisika nalo huku na huko, mamilioni ya mara kwa sekunde, na mtikisiko huo hushuka kwa waya hadi kwenye king'amuzi. Basi. Wimbi hilo liwe limebeba taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tamthilia ya Kituruki au fainali ya mpira, antena haina habari. Kuisoma picha ni kazi ya king'amuzi. Kuuziwa "antena ya dijitali" ni kama kuuziwa ndoo maalumu ya maji ya bomba, kana kwamba ya kisima yakitiwa humo yatamwagika.

Anachopaswa kukitazama mnunuzi ni urefu wa fito, na hesabu yake haihitaji fundi. Chukua 300, gawa kwa masafa ya kituo kwa megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kituo kikiwa kwenye megahezi 600, wimbi lake ni nusu mita. Ufito huitikia vizuri zaidi unapokuwa karibu na nusu ya wimbi, yaani hapa sentimita 25: rula ya shule iliyokatwa sentimita tano. Televisheni za dijitali za minara ya nchi kavu kwetu zimekaa kwenye UHF, megahezi 470 na kuendelea, kwa hiyo fito zake zinacheza kati ya sentimita 20 na 32. Zile antena kubwa za zamani zenye fito kama mkono wa mtu mzima zilikuwa za VHF, megahezi 174 hadi 230, ambako nusu ya wimbi hufika sentimita 65 na kupita.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, toka nje uangalie juu. Tanzania ilizima mitambo ya analojia Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, ikawatangulia majirani wote wa Afrika Mashariki. Kenya ilikamilisha mwaka 2015 baada ya mvutano mrefu mahakamani, mwaka ambao tarehe ya mwisho iliyokubaliwa Geneva mwaka 2006 ilikuwa inagonga mlango. Katika purukushani ile watu wengi walishusha antena nzima kabisa, wakaziuza kwa wanaonunua vyuma chakavu, wakanunua nyingine zilizofanana nazo kama mapacha. Kilichokuwa kimebadilika ni king'amuzi tu. Antena ya UHF iliyowekwa mwaka 1999, kama haijaoza, hupokea dijitali mchana na usiku bila kuulizwa umri wake.

Umbo lile la mfupa wa samaki, uti wa mgongo na miiba yake, lina wazazi wawili na malalamiko ya urithi. Lilizaliwa Sendai, Japani, katika chuo kikuu cha Tohoku, na likatangazwa mwaka 1926. Majaribio mengi yalifanywa na Shintaro Uda. Mkuu wake, profesa Hidetsugu Yagi, ndiye aliyeandika makala ya Kiingereza ya mwaka 1928 iliyosomwa duniani, na hataza zilitoka kwa jina la Yagi. Kwa haki inaitwa antena ya Yagi-Uda. Mafundi wa dunia nzima wanasema "Yagi" na kuendelea na kazi.

Nyumbani kwao haikupokewa kwa shangwe. Inasimuliwa kwamba Wajapani walipoiteka Singapore mwaka 1942, waliokota daftari la fundi wa rada wa Kiingereza lenye neno "Yagi" kila mahali, wasijue maana yake. Wakamtafuta mateka mwenyewe, wakamhoji. Akadhani anafanyiwa mzaha: hilo, akawaambia, ni jina la Mjapani mwenzenu.

Hila ya Uda na Yagi ni kwamba katika miiba yote ile, mmoja tu ndio uliofungwa waya. Iliyobaki haijaunganishwa na chochote. Wimbi likiipiga, nayo hutikisika na kulirusha tena wimbi hewani, kila mmoja kwa kuchelewa au kuwahi kidogo kufuatana na urefu wake. Ule mrefu wa nyuma, unaouzidi wenye waya kwa asilimia tano hivi, huzuia yanayotoka mgongoni na kuyarudisha ya mbele. Ile mifupi iliyopangwa mbele hulisukuma wimbi kwa ule wenye waya, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliojipanga kupokezana matofali. Ukikata milimita chache tu katika miiba hiyo, mpangilio unavurugika. Ndiyo maana antena iliyokaliwa na kunguru mpaka fito zikapinda haiwi ileile tena, hata ikiwa bado inang'aa.

Je, fito nyingi zaidi ni bora zaidi? Mpaka kiasi. Yenye fito kumi na mbili hivi hukusanya karibu mara kumi ya ufito mmoja uliosimama peke yake. Lakini ili kuongeza mara mbili ya hapo unahitaji kuirefusha karibu mara mbili, na ikishakuwa ndefu hivyo inaona upande mmoja tu kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Anayeishi mjini, karibu na minara, tena minara iliyo pande tofauti, anahitaji antena fupi yenye fito chache inayoona kwa upana. Ile ndefu ni ya mtu wa mbali ambaye vituo vyake vyote vinatoka upande mmoja. Mimi ningekuwa muuza duka ningemuuliza kila mteja swali moja kabla ya kushusha boksi: unakaa wapi, na mnara uko wapi?

Mkazi wa Nairobi hutazama kaskazini-magharibi, Limuru, mji ulio kwenye miinuko juu ya jiji. Wa Mombasa hutazama Mazeras. Usipojua mnara wako, tembea mtaani uone antena za majirani zimeelekea wapi, halafu fuata wengi. Na uangalie kama miiba yao imelala au imesimama wima, kwa sababu wimbi linalorushwa likiwa limelala halipokelewi vizuri na antena iliyosimama. Mtu anaweza kuhangaika wiki nzima kwa kukosea hilo tu.

Kuhusu umbali, dunia ni duara na mawimbi haya hupinda kidogo sana. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kutoka ardhini, zidisha kwa 4.1. Mnara wa mita 100 na antena ya mita 9: kumi, jumlisha tatu, ni kumi na tatu; mara 4.1, kilomita 53. Ili zile kilomita 200 za kwenye boksi zitimie, mnara lazima uwe umekaa mita 2,100 hivi juu yako. Boksi halisemi mlima huo uko wapi.

Bahari, hata hivyo, ina ukarimu wake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994 kupata kituo cha kwanza. Katika miaka hiyo ya katikati, wachache wa Dar es Salaam waliokuwa na seti walisimamisha mabomba marefu na kuelekeza antena Unguja, ng'ambo ya maji. Juu ya bahari hakuna mwembe wala ghorofa, na mara nyingi tabaka la hewa yenye unyevu hulikamata wimbi na kulipeleka mbali kuliko hesabu inavyoruhusu. Siku nyingine picha ilikuja safi, siku nyingine ilikuwa chenga tupu.

Chenga zile zilikuwa na faida moja ambayo tumeipoteza. Kijana alipanda juu ya bati, akazungusha bomba, chini mtu akapiga kelele, "Bado! Bado! Hapohapo! Umepitiliza!" Chenga zilipungua kidogo kidogo, ukajua unakaribia. Dijitali haina kukaribia. Kiwango kikitosha picha ni kamili. Kikishuka kidogo tu chini ya hapo picha inaganda, inakatika vipande vya mraba, halafu kiza. Kwa hiyo anayezungusha antena leo akitazama picha anatafuta kwa upofu. Fungua menyu ya king'amuzi, ukurasa wenye mistari miwili: nguvu na ubora. Fuata ubora. Nguvu inaweza kuwa asilimia 90 na televisheni isionyeshe kitu, maana hata makelele yana nguvu.

Na hapo ndipo busta inapowadanganya watu. Busta huongeza kila kitu kinachoingia, wimbi na makelele pamoja, na kuweka makelele kidogo ya kwake. Kama antena haikupata kitu, busta itakukuzia hicho kisicho kitu. Kazi yake halali ni kufidia waya: katika waya mzuri wa mita 20, karibu nusu ya mawimbi hupotea kabla ya kufika sebuleni, na ule mwembamba wa bei rahisi hula zaidi. Busta hukaa juu, karibu na antena, kabla ya hasara; ukiiweka nyuma ya televisheni umechelewa. Halafu inahitaji umeme, ambao mara nyingi hupanda kupitia waya uleule. Ving'amuzi vingi vinaweza kuutoa, volti 5, lakini lazima uwashe kwenye menyu. Wapo walioitupa antena nzima kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Tena kuna jambo jipya. Mwaka 2015 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva ulikamilisha safari ya kuyahamishia kwenye simu masafa ya kuanzia megahezi 694, yaliyokuwa ya televisheni. Mnara wa simu uliojengwa nyuma ya nyumba yako unaweza kuijaza busta ya zamani mpaka ikapaliwa. Antena ya kununua leo iishie 694. Hilo ndilo andiko dogo la pembeni mwa boksi ninalolitafuta mimi, nikiyapuuza yale makubwa.

Zile bapa kama karatasi, za kubandika ndani ya nyumba, zinafaa kwa mtu aliye karibu na mnara mwenye dirisha linaloutazama. Shida yetu ni bati. Paa la bati ni ngao. Mawimbi yanaingia kwa madirisha tu, yakiwa yamegongagonga kuta. Aliye kwenye nyumba ya makuti amejaliwa katika hili: makuti makavu hayazuii kitu, akiiweka antena yake darini inafanya kazi. Na mvua kubwa ikinyesha, mwenye dishi anapotazama ujumbe wa "hakuna mawimbi", wewe wa antena unaendelea na kipindi. Mawimbi ya dishi ni ya sentimita mbili tatu, matone ya mvua huyanyonya. Ya nusu mita hupita katikati yake kama tembo kwenye nyasi. Radi ni habari nyingine. Chomoa waya, ushushe na swichi.

Mwezi uliopita jirani yangu, mama mtu mzima, alinionyesha risiti ya antena mpya yenye 4K. Ya zamani ilikuwa imekata tangu masika, na hii mpya bado ilikuwa kwenye boksi ikimngoja fundi. Nikamwomba kwanza nipande nione. Fito zilikuwa za urefu wa rula, zimelala, zimeelekea zilikoelekea za wengine wote. Nikafungua kile kijisanduku cha plastiki katikati ya ufito wenye waya. Kifuniko kilikuwa kimepasuka. Sisimizi walikuwa wamejaza udongo mpaka juu, na uzi wa shaba wa katikati ya waya ulikuwa umegeuka kijani, ukavunjika niliposhika.

Nikakata sentimita kumi za waya, nikachuna upya, nikafunga, nikauviringisha waya kitanzi chini ya kijisanduku ili maji yadondoke yasiingie. Mjukuu wake alikuwa sebuleni akinisomea menyu kupitia dirishani.

"Ubora?"

"Sifuri, mjomba."

Nikakaza skurubu.

"Ubora?"

"Sabini na nane! Usiguse tena!"