Sura ya Saba: Saa 10 Usiku, Taa Bado Inawaka

Ni saa 10 usiku, Tabata, na adhana ya alfajiri bado. Mchukue binti wa miaka 24 aliyepanga chumba na sebule. Amekaa kitandani, simu iko kwenye stendi, na taa ya duara iko karibu sana na uso wake hata ukimtazama machoni unaiona imejichora kama pete nyeupe katikati ya mboni. Yuko laivu tangu saa 6. Anawaita watu kwa majina yao ya mtandaoni, anashukuru kwa kila waridi la mtandaoni analorushiwa kama zawadi, anacheka.

Kwa nini saa hizo? Kwa sababu saa 6 ndipo akina dada wanaofanya kazi za ndani Muscat na Dubai wanapoweza kushika simu, familia ya mwajiri ikishalala. Na saa 10, New York ni majira ya saa 2 au 3 usiku: Mtanzania wa huko ameshatoka kazini, amekula, ameegemea kochi, na dola ya kununulia waridi anayo. Majirani wanasema binti huyu hana kazi, maana mchana kutwa amelala. Anayo. Anafanya zamu ya usiku kama nesi au mlinzi wa getini, ila yeye asubuhi hana wa kumpokea zamu, na wiki ijayo hapangiwi mchana.

Katika sura iliyopita tulizungumzia matusi, wivu na msongo wa mawazo. Hapa ninataka tuutazame mwili wenyewe: damu, moyo, figo, shingo, ngozi.

Kazi hii ya mtandaoni bado ni changa. YouTube ilianza 2005, Instagram 2010, na TikTok ilitoka nje ya China 2017. Haina mstaafu wa kumuuliza magoti yake yakoje. Kwa hiyo wataalamu huanza na waliotangulia kukesha, yaani manesi, walinzi, wafanyakazi wa viwandani. Nadhani ni njia sahihi, kwa sababu ini halijui kama unakesha kwa mshahara wa serikali au kwa waridi la mtandaoni.

Mwilini mna saa. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kufumbua jeni zinazoiendesha, walizozichunguza katika nzi wadogo wa matunda. Saa hiyo ndiyo hupanga joto la mwili lishuke lini, presha ipande lini na sukari ishughulikiwe wakati gani, na kinachoirekebisha kila siku ni mwanga. Mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna seli za pekee ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha picha, bali kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo husisimuliwa zaidi na mwanga wa buluu, na taa nyeupe za LED hutoa buluu kwa wingi. Basi binti wetu anapomulikwa saa 10 usiku, ubongo wake unapokea habari kwamba jua limechomoza, na melatonini, homoni ya usiku, inazuiwa kutoka.

Kisha asubuhi anapojilaza, bodaboda zinapita dirishani, jua linapenya pazia, mama anapiga simu. Anapata saa 4 za usingizi, pengine 5.

Saa 4 hufanya nini? Mwaka 1999, Chuo Kikuu cha Chicago, Eve Van Cauter na wenzake waliwachukua vijana 11 wa kiume wenye afya njema, wakawaruhusu kukaa kitandani saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo. Hata wiki haijaisha, miili ya vijana wale ilikuwa inashughulikia sukari kama ya watu wanaoelekea kwenye kisukari. Mwaka 2004 walirudi na vijana 12, na safari hii usiku 2 tu ulitosha: homoni ya shibe ilishuka kwa asilimia 18, ya njaa ikapanda kwa asilimia 28, na walichotamani zaidi ni vitamu na wanga. Kwa hiyo anayemaliza laivu kwa chipsi mayai na soda hapaswi kuitwa mlafi. Damu yake ndiyo inayomtuma. Na nafurahi kusema kwamba vijana wale 11 walipolala vya kutosha, sukari yao ilirudi sawa. Shida ni kwa asiyepata wiki ya kulala.

Moyo nao una hesabu yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Jumlisha kupiga picha, kuhariri, kujibu maoni, kufuatilia malipo ya tangazo na laivu yenyewe, uone wangapi wanabaki chini ya 55.

Shingo nitaipitia kwa haraka. Kichwa kina uzito wa kilo 5 hivi. Daktari wa uti wa mgongo Kenneth Hansraj wa New York alikokotoa mwaka 2014 kwamba ukikiinamisha kwa nyuzi 60, kama mtu anayesoma maoni mapajani, shingo hubeba mzigo wa kilo 27 hivi.

Ngozi ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Vichujio vya kamera vinang'arisha uso, mtazamaji anauzoea uso ule, na mwenye uso anaanza kuutafuta dukani. Hapo ndipo mkorogo unapoingia. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni, steroidi kali, na wakati mwingine zebaki. Steroidi huipunguza ngozi unene mpaka mishipa inaonekana na kidonda hakifungi upesi. Ikipenya kwa wingi hupandisha presha na sukari, zile zile ambazo mkesha umekwisha kuzichokoza. Zebaki huenda kwenye figo, na figo hazilalamiki mapema. Yote haya hayaonekani laivu. Taa ya duara inafuta kila kivuli.

Kama unaishi kwa kazi hii, sikuombi uiache, maana najua kodi ya chumba inatoka humo. Nakuomba uhamishie laivu saa 3 usiku kwa siku zote isipokuwa mbili, uzime taa ya duara unapoagana na watu, na uuache mkorogo ukiwa chini ya uangalizi wa daktari wa ngozi, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla ngozi huwaka. Na kesho pita zahanati iliyo karibu, upime presha na sukari, umwambie daktari bila aibu ni saa ngapi unalala.