Je, Wajua? Boti ya Jeti Iliyotumika Hukaguliwa Chini ya Tumbo

Je, wajua kwamba boti ya jeti haina rafadha inayoning'inia nje? Injini huzungusha impela iliyofichwa ndani ya bomba. Impela hufyonza maji kutoka chini ya tumbo la boti na kuyatoa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Nahodha akiugeuza mdomo huo, boti inageuka.

Je, wajua ilianzia wapi? William Hamilton wa New Zealand aliifanya ifae miaka ya 1950, kwa kuwa mito ya kwao ina maji haba na changarawe tele. Mwaka 1960 boti zake zilipanda Mto Colorado nchini Marekani, zikishindana na mkondo. Zilifika Afrika pia: msafara wa John Blashford-Snell katika Mto Kongo, 1974 hadi 1975, ulikuwa nazo.

Basi mtu wa Chiola, Nachingwea au Ruangwa aliyeuza korosho zake na sasa anawaza biashara ya boti Lindi au Kilwa, ana haki ya kuvutiwa na chombo kinachopita penye maji machache. Ila je, wajua kwamba sifa hiyo inahitaji mwendo? Boti ikienda kasi huinuka juu ya maji. Ikipunguza mwendo hushuka, na hapo penye kina kidogo hufyonza mchanga. Mito ya kwetu, Lukuledi na Mbwemkuru, hupungua sana kiangazi na kuacha mchanga mtupu.

Mchanga ndio adui mkubwa wa jeti. Kati ya ncha za impela na pete inayoizunguka kuna nafasi nyembamba mno. Mchanga ukiila pete, nafasi inapanuka na pampu inapoteza nguvu: injini inapiga kelele, mizunguko inapanda, boti haiendi. Kwa hiyo itolewe majini. Chukua tochi, lala chini, chungulia kupitia vyuma vya mlango wa maji. Tafuta mapanga yaliyopinda au kumeguka, na mikwaruzo mirefu kwenye pete. Ulizia bei ya impela na pete mpya kabla hujataja bei yako. Muuzaji akikataa kuipandisha boti nchi kavu, ondoka.

Je, wajua kwamba mlango huohuo hunasa kamba, mifuko ya plastiki na majani? Pwani yetu ina mashamba ya mwani yaliyofungwa kwa kamba. Hakikisha unaweza kuufikia mlango na kuusafisha mkiwa majini, injini ikiwa imezimwa.

Je, wajua kwamba ukiachia mafuta ghafla, boti nyingi za jeti hazigeuki? Maji yasipotoka nyuma kwa nguvu, usukani hauna kazi. Aliyezoea injini ya kuning'iniza atashtuka. Jaribu boti mahali pa wazi, mbali na waogeleaji na mitumbwi: kasi ya juu, kona pande zote, kisha kile kifuniko cha nyuma kinachorudisha maji mbele ili boti irudi kinyumenyume.

Injini uikute baridi. Iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wake wa kuwaka. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda; namba zikitofautiana sana, kuna ugonjwa ndani. Uliza kama ilisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kila ilipotoka baharini, kisha usiishie kwenye jibu, tazama kutu kwenye njia za maji na za moshi.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini karibu na injini. Feni ya kuutoa isipofanya kazi, msiwashe injini.

Je, wajua kwamba kidole au kipini cha bisibisi huweza kufichua faiba iliyoharibika? Gonga ganda na sakafu taratibu. Mlio mkavu ni dalili njema. Mlio mzito uliofifia unaweza kumaanisha maji yameingia kati ya matabaka. Kisha ulinganishe namba ya ganda, iliyogongwa nyuma ya boti, na ile ya kwenye hati, herufi kwa herufi.

Na hili ningependa lisomwe mara mbili. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikabeba abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound. Iliuzwa 2011 ikaletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi walikufa. Muulize muuzaji wa chombo chochote: kilijengwa kwa maji gani, kibebe watu wangapi? Boti ya mtoni au ziwani haifai kupelekwa nje ya ghuba ya Lindi msimu wa kusi kwa sababu tu injini yake ina nguvu.

Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi 2018; Zanzibar, chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA). Mkaguzi aje wakati boti bado ni ya muuzaji.