Mzee Si Nambari ya Kitanda

Majuzi niliandamana na wanafunzi wa shule moja kwenda kuwazuru wazee katika makao yao. Tulibeba unga, sabuni na mablanketi. Punde alipita mhudumu, akamwambia mwenzake kwa sauti kuu, "Namba saba bado hajabadilishwa nguo!" Huyo "namba saba" alikuwa ameketi mbele yetu. Aliinamisha kichwa kwa fedheha. Baadaye alitueleza kwamba alisomesha Hesabu kwa zaidi ya miaka 30, na kwamba kila mwanafunzi wake alimwita kwa jina.

Maneno hayo yalinichoma moyo. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinawapa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Haki hiyo haitimizwi kwa chakula na malazi pekee. Hutimizwa mhudumu anapobisha mlango kabla ya kuingia, anapovuta pazia kabla ya kumvua mzee nguo, anapomwuliza iwapo angependa kuoga sasa au baadaye, na anapomlisha kwa subira.

Siwatupii wahudumu lawama zote. Aghalabu wao ni wachache, kazi yao ni nzito na ujira wao ni haba. Yafaa waongezwe, wapewe mafunzo na walipwe inavyostahili. Hata hivyo, kumwita mtu kwa jina lake hakugharimu hata senti moja. Nasi tuliowapeleka wazazi wetu huko tusidhani kwamba kulipa ada kumetuondolea deni la kuwatembelea.

Enyi walimu, msiridhike kuwapeleka wanafunzi wakatoe zawadi na kupigwa picha. Wafunzeni kwanza kuwaamkia wazee, kuwauliza majina, kisha kuketi na kuwasikiliza. Nanyi wanafunzi, rudini huko siku nyingine, hata kama mikono yenu ni mitupu.

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Kitanda alichokilalia mzee yule leo, kesho huenda kikawa changu au chako.

Tulipokuwa tukiondoka, msichana mmoja alirudi mbio hadi kwa yule mzee. "Shikamoo, mwalimu," alimwamkia. Mzee akainua kichwa, akaitikia, kisha akamwuliza jina lake.