Chai isikae na majani yake

Chai iliyoachwa na majani yake kwa muda mrefu huwa chungu, hata kama imetoka shamba bora kuliko yote ya Mufindi. Buli lenye kichujio cha kusukuma limetengenezwa kuondoa tatizo hilo, lakini wengi wanalinunua bila kuelezwa namna linavyofanya kazi. Mama wa Kinjumbi, wilayani Kilwa, akiletewa buli la aina hii na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, atatia majani, atamimina maji ya moto, atasukuma mpini hadi chini, kisha ataliacha mezani wageni waendelee kujimiminia. Ikifika saa nne asubuhi, kilichomo ni shubiri.

Yapo mabuli ya aina mbili yanayofanana kwa nje, na hapo ndipo penye utata. La kwanza asili yake ni kahawa. Waitalia Attilio Calimani na Giulio Moneta walilipatia hataza mwaka 1929. La leo lina chombo cha kioo, mpini, na kichujio cha waya kinachoyashusha machicha chini. Kahawa au majani hubanwa kitakoni, lakini maji yanaendelea kupita kwenye matundu ya waya, kwa hiyo chai inazidi kukolea hata baada ya kusukuma. Ukiwa na buli hili, mimina chai yote mara tu inapoiva, iwe kwenye vikombe au kwenye chupa ya kutunzia moto.

La pili limeundwa kwa ajili ya chai. Katikati yake kuna kikapu cha majani chenye matundu sehemu ya juu tu. Sehemu ya chini haina tundu hata moja. Mpini ukiwa juu, maji huingia na kutoka kikapuni. Ukiusukuma, sahani yake huyafungia majani ndani ya ile sehemu isiyo na matundu, na maji hayayapitii tena. Hili unaweza kuliacha mezani. Kwa hiyo kabla hujalipa, chomoa kikapu dukani na ukitazame chini. Ukiona matundu hadi kitakoni, au kama hakuna kikapu kabisa, hilo ni kama la kahawa, muuzaji aseme asemavyo.

Kwa nini muda una uzito hivyo? Majani yakikutana na maji ya moto, harufu na sehemu kubwa ya kafeini hutoka mapema. Tanini, zile zinazokausha ulimi na kuleta ukakasi, huendelea kutoka dakika baada ya dakika. Waonjaji wa chai wana kipimo cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Kipimo hicho kiliwekwa ili kasoro za chai zionekane wazi wakati wa kuilinganisha na nyingine, wala hakikukusudiwa kifungua kinywa. Nyumbani, kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kikombe kinatosha.

Dakika ngapi basi? Tazama punje. Majani mengi yanayouzwa madukani kwetu yamesagwa kwa mashine za CTC, ambazo hukata, huchana na kuviringisha jani bichi likawa chembe ndogo. Njia hiyo ilianza Assam, India, miaka ya 1930. Chembe ndogo huachia rangi upesi, kwa hiyo dakika 2 hadi 3 zinatosha. Majani makubwa yaliyosokotwa bila kukatwakatwa yanahitaji 4 au 5. Chai ya vumbi, ile ya bei nafuu kuliko zote, haifai kabisa kwa buli la kusukuma: hupenya kwenye waya, hutuama kikombeni, na ukilazimisha mpini unaweza kupasua kioo. Sukuma taratibu. Ukihisi mpini unagoma, uinue kidogo kisha uendelee.

Watu wa Kilwa wana bahati moja ambayo wakulima wa chai hawana. Huku pwani maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Mufindi, kwenye mashamba yaliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Chai nyeusi hupenda maji yanayotokota, basi yamimine yakiwa bado yanarindima, baada ya kulisuuza buli kwa maji ya moto ili lisiyapoze.

Maji yenyewe ni suala jingine. Jirani na Kinjumbi, upande wa Kipatimu, milima ya Matumbi ina mapango ndani ya mawe ya chokaa, na maji yaliyopita kwenye mawe ya aina hiyo hubeba chokaa. Dalili zake ni sabuni isiyotoa povu upesi na chai yenye utando juu, unaovunjika vipande ukikoroga. Chemsha maji hayo, yaache yatuame, chukua ya juu na uyachemshe tena. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi hutoa chai angavu zaidi. Na wenye desturi ya kukamulia ndimu kwenye chai ya rangi wanajua wanachofanya: asidi huzuia utando ule, na rangi hufunguka kutoka weusi hadi wekundu wa dhahabu mbele ya macho yako.

Tangawizi, iliki na mdalasini havitoi ladha yake kwa dakika 3. Vichemshe kwanza kwenye sufuria, uchuje, kisha maji hayo yakiwa yanatokota uyamimine juu ya majani. Maziwa usiyatie ndani ya buli, maana mafuta yake huganda kwenye waya; yatie kikombeni. Anayependa chai ya maziwa iliyochemka pamoja na majani abaki na sufuria yake.

Asiye na buli la kusukuma hajapungukiwa kitu cha lazima. Chungio la kawaida na chupa vinatosha, ilimradi majani yachujwe kabla chai haijaingia kwenye chupa.

Tanini zile zile zinazoleta ukakasi hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na kisamvu, mwili ukakosa kuyafyonza vizuri. Kwa hiyo mama mjamzito, na yeyote aliyeambiwa ana upungufu wa damu, asishushie chakula kwa chai: asubiri angalau saa moja baada ya kula ndipo anywe.