Sura ya Nne: Jembe Begani

Mwishoni mwa mwaka 1896, mwalimu wa injili kutoka Buganda alijiandaa kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ambayo leo imo mkoa wa Ituri, Kongo. Jina lake Apolo Kivebulaya. Walimu wawili waliomtangulia huko walikuwa wamerudi, kwa kuwa Tabaro, mtawala wa Mboga, alikataza wasipewe chakula. Apolo alipoelezwa habari hizo, hakuahirisha safari. Alinunua jembe.

Naomba tulitazame jembe hilo kwa makini. Mtu anayekwenda kutembea tu hachukui jembe. Hulibeba mtu anayekusudia kulima, na anayelima amekubali kungoja mvua, kupalilia, kisha kuvuna. Apolo alijua njaa inamsubiri, akajiandaa kuikabili. Huo ndio utii ninaotaka tujifunze katika sura hii: utii unaokubali kukaa mahali pasipo na raha mpaka kazi iliyotupeleka itimie.

Raha yenyewe si dhambi. Eliya alipochoka akatamani kufa, Mungu alimwacha alale chini ya mti, akamtumia malaika na mkate na maji. Nyumba yako, mshahara wako, watu wanaokujua kwa jina, hizo ni baraka. Shida huanza pale raha inapopewa kiti cha mwamuzi. Hapo ndipo tunaposema, "Sina amani na jambo hili," kumbe tulichokosa ni starehe. Amani ya Mungu huweza kukaa ndani ya mtu ambaye magoti yanamtetemeka.

Wengi hudhani Yona alikimbia kwa hofu. Kitabu chake kinaeleza vingine katika sura ya nne. Alijua Mungu ni mwenye huruma na angewasamehe watu wa Ninawi, naye hakutaka wasamehewe. Ndiyo maana alishuka Yafa, akalipa nauli, akapanda merikebu ya kwenda Tarshishi. Safari ya Tarshishi haikuwa fupi. Kilichomshinda ni watu aliotumwa kwao. Na sisi, mara nyingi mpaka wa raha yetu hupita kati yetu na mtu fulani.

Anania wa Dameski aliufikia mpaka kama huo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, anaagizwa aende katika nyumba ya Yuda, amuulizie Sauli wa Tarso, mtu aliyekuja mjini na barua za kuwakamata waumini. Anania hakuficha wasiwasi wake. Alimkumbusha Bwana mabaya yote aliyosikia kuhusu mtu huyo. Bwana hakumkemea kwa kuuliza. Alimjibu, akamwambia aende. Akaenda. Alipofika aliweka mikono juu ya yule mtesaji kipofu, akamwita ndugu. Kutoka kwake hadi kwenye nyumba ile hakukuwa mbali. Mwendo mrefu ulikuwa kulifikia neno hilo moja, naye akaumaliza.

Turudi Mboga. Jembe halikumwondolea Apolo mateso. Dada yake Tabaro alipoangukia mkuki akafa, lawama ilimwangukia Apolo, akapelekwa kifungoni Toro, magharibi mwa Uganda. Katika siku zile za dhiki, alisimulia baadaye, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope. Alipoachiliwa, alirudi kulekule Mboga. Baada ya muda Tabaro mwenyewe aliomba ubatizo. Mtu aliyewanyima walimu wa injili chakula akawa ndugu yake katika imani.

Hapa yafaa tahadhari. Si kila jambo gumu ni mapenzi ya Mungu, na si kila anayekuambia "Bwana amenituma kwako" ametumwa. Wito wa kweli haupingani na Neno, hauogopi kupimwa na wazee wa kanisa, na matunda yake hulisha wengine kabla ya kumlisha mtumishi. Watoto wanaoachwa na njaa ili mzazi aonekane jasiri, au mke anayeambiwa avumilie kipigo kwa jina la utii, hao tusiwatwike mzigo ambao Mungu hakuutoa.

Kwa walio wengi kati yetu, Mboga haiko mbali; huenda ni kwa ndugu au jirani. Huko Kilimanjaro, Wachaga hupanda isale kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yao ya nyumbani. Jani la isale hilohilo ndilo mtu hulishika anapokwenda kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Mmea unaosema "hapa mwisho wangu" ndio pia unaosema "nisamehe." Fikiria ndugu wawili wasioamkiana kwa sababu ya hatua tatu za kihamba, kisha mmoja wao asubuhi anakata jani, anavuka mpaka na kubisha hodi. Huyo naye amebeba jembe. Maana hodi ya kwanza huenda isiitikiwe, na itampasa arudi tena wiki ijayo.

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea kwao. Yeye aliomba alazwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Ituri, kwa watu ambao injili ilikuwa bado haijawafikia.

Kabla hujafungua sura inayofuata, kaa kimya kidogo. Mtaje mbele za Mungu mtu mmoja au mahali pamoja ambapo umekuwa ukipakwepa. Usiombe kwanza ujasiri. Omba uonyeshwe utahitaji nini ili ukae huko: muda gani, fedha gani, nani wa kukuombea. Kisha andaa hicho, uanze safari.