Baruti na fataki si vitu vya kuweka nyumbani

Hapa Kisiwa Panza nyumba ya mvuvi haikosi vyombo vya kazi: nyavu, mishipi, dumu la petroli la mashine. Vyote hivyo vina namna yake ya kuhifadhiwa. Baruti ya kuvulia haina. Iwe uvunguni au darini, haikai salama, na sheria haimpi mvuvi ruhusa ya kuwa nayo.

Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1970, na sheria za uvuvi za Zanzibar nazo zinaukataza. Lakini vijana wetu huenda dago Tanga, Dar es Salaam hadi Mtwara, mwambao uliosikia milio hiyo kwa miaka mingi. Mtu anaweza kurudi na kitu begini, au akaambiwa na mwenzake, "Niwekee tu, nitakuja kukichukua."

Kinachonitia hofu zaidi ni fataki. Sisemi zile za sikukuu. Nasema kile kijirija chembamba cha bati au shaba, urefu kama wa kidole, chenye nyaya mbili au utambi. Kazi yake ni kuiamsha baruti, ndiyo maana imetengenezwa iwe nyepesi kulipuka: kwa joto, kwa kugongwa, kwa kuchokolewa na msumari, kwa kugusishwa betri. Mtoto akiiona hudhani ni kipande cha kalamu. Huichezea mkononi, karibu na uso, kwa hiyo kinachoondoka ni vidole na macho. Na usiseme "hii imeshaoza". Chumvi na unyevu wa bahari huila, lakini iliyoliwa inaweza kulipuka kwa urahisi zaidi kuliko mpya.

Wenye leseni, kama wa migodini, huweka baruti kwenye ghala maalumu mbali na makazi, na fataki kwenye ghala lake peke yake. Mwenye bunduki ya kibali naye afungie risasi kwa kufuli, mbali na bunduki. Hata wataalamu hupatwa: tarehe 29 Aprili 2009 kule Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 Gongo la Mboto, maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka, mabomu yakarukia kwenye makazi na watu wakafa. Sembuse chumba chenye jiko la kuni upande wa pili wa ukuta.

Ukikuta kitu kama hicho, usikiguse. Usikichome, usikizike, usikitupe baharini. Toa watoto, zima moto, mtu mzima asimame mbali kuzuia wapitaji, kisha mjulishe sheha au piga polisi 112.

Mtu akiumia, kumbuka kuna bahari kati yetu na hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Mmoja atafute boti, mwingine azuie damu: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua kuchungulia. Mkono ukikatika na damu ikaruka, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza mpaka damu isimame, andika saa, usilegeze njiani. Kidole kilichokatika kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu ya samaki. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Jicho usilisugue wala usitoe kilichoingia. Lifunike kwa kikombe safi bila kulibana. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya nazi havisaidii.

Aliyekuwa karibu na mlipuko aende hospitali hata kama hana jeraha. Mshindo huumiza mapafu na masikio, na kifua kinaweza kubana baada ya saa kadhaa.

Ukifika, sema ukweli. Watu husema "jiko limelipuka" kwa kuogopa polisi, na wengine hukaa nyumbani hadi usiku. Daktari asiyejua ni baruti hatatafuta vipande vilivyozama mwilini, wala hatakagua mapafu. Fomu ya PF3 ipo, lakini majeruhi mahututi hutibiwa kwanza. Usimcheleweshe mtu kwa ajili ya karatasi. Ulizia pia chanjo ya pepopunda, hata kwa jeraha dogo.