Kebo ya antena ina njia tatu, si mbili

Askari wa mawasiliano afikapo mahali papya, hutafuta kwanza miti miwili ya kutundikia antena. Waya zake huzipima kwa uangalifu: kwa masafa ya megahezi 5, ambayo wimbi lake lina urefu wa meta 60, kila mkono wa dipoli huwa meta 14.3 hivi. Kisha huchukua kebo yoyote iliyopo, akaifunga katikati ya mikono hiyo na kuishusha hadi redioni. Mashaka huanzia hapo.

Mwaka 1981 Burke na Poggio, wa maabara ya Livermore huko California, walitoa programu ya kompyuta iitwayo NEC-2, kwa msaada wa jeshi la majini na jeshi la anga la Marekani. Programu hiyo huikata kila waya katika vipande vifupi, visivyozidi sehemu ya kumi ya wimbi, ikakokotoa mkondo wa umeme katika kila kipande. Lakini kebo iliyomo humo ni ya kufikirika: haipotezi nguvu, wala haitoi mawimbi. Kebo tunayoibeba mabegani yaweza kufanya yote mawili.

Umeme wa masafa ya juu haupenyi ndani ya shaba; hupita juu ya ngozi yake tu. Kwa hiyo wavu wa shaba ulioizunguka kebo una pande mbili zisizojuana: wa ndani, unaoshirikiana na waya ya katikati, na wa nje. Mkondo utokao katika upande wa ndani hukuta njia panda kileleni: uingie katika mkono wa dipoli, au urudi chini kwa upande wa nje. Ukirudi, kebo nayo imekuwa antena, na mawimbi huenda kusikokusudiwa.

Basi, anayechora antena kwa kompyuta sharti aongeze waya nyingine, nene kama kebo, kutoka kwenye kiungo hadi ardhini. Ndipo ataona kwamba njia hiyo ikiwa nusu wimbi, yaani meta 30, na imefungwa ardhini, mkondo huifuata kwa wingi. Ikiwa meta 15, huikwepa. Asisahau kwamba ndani ya kebo za kawaida za polietilini wimbi huenda kwa theluthi mbili tu za mwendo wa nuru, ilhali nje huenda karibu mwendo wote. Kebo ni moja, vipimo viwili!

Asiye na kompyuta atazitambua dalili: mikrofoni huchoma midomo, na kipimo hubadilika kebo inaposhikwa. Dawa ni kuizungusha kebo mizingo kadhaa karibu na kiungo, au kuivika pete za feraiti.

Upotevu wa nguvu ni hila zaidi. Meta 30 za kebo nyembamba ya RG-58, kwa megahezi 100, humeza zaidi ya nusu ya nguvu wakati wa kupanda, na zaidi ya nusu ya kilichobaki wakati wa kurudi. Hata antena ikikatika kabisa, inayorudi redioni haifiki robo, na mshale wa kipimo humwonyesha askari kuwa mambo si mabaya sana.